Bujumbura 1993–96: Buyenzi ilinusurikaje wakati mitaa mingine inagawanywa? Waliokulia kule njooni

#1 Mwisho_wa_Reli
Habari za jioni wakuu.

Mimi mtu wa Kigoma. Utotoni kwetu wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi, na hadi leo nina marafiki waliolelewa Bujumbura ile ya miaka ya tisini. Wote wananiambia kitu kimoja: baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, jiji lilimegwa vipande. Kamenge na Kinama wakabaki Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga wakabaki Watutsi. Uliyejikuta upande usio wako, ama ulihama na godoro kichwani ama ulizikwa.

Ila Buyenzi, kwa Waswahili, nasikia kila mtu alibaki na jirani yake. Mhutu, Mtutsi, Mkongo, Mmanyema, wote humo humo. Na ukitazama ramani, kati ya Buyenzi na Ngagara ni mto Ntahangwa tu.

Mimi nasema ni Uislamu uliowaokoa. Mwenye kupinga alete hoja. Na mliokuwa watoto kule, tupeni ilivyokuwa.

#2 Mlala_Hoi
Nimekaa mkeka wa mbele, kahawa na kashata pembeni. Endeleeni.

#3 Mtoto_wa_Bwiza
Mleta mada umesimuliwa nusu.

Mimi nimezaliwa Bwiza, tumepakana na Buyenzi. Ni kweli hadi mwanzoni mwa 1995 mitaa yetu miwili ilikuwa bado mchanganyiko. Tarehe 11 Machi mwaka huo waziri Kabushemeye akapigwa risasi katikati ya jiji, visasi vikaanza kuzunguka, na mwisho wa mwezi ule ule vijana wenye silaha wakaingia Bwiza NA BUYENZI, wanajeshi wapo. Waliouawa wengi walikuwa Wahutu, na maelfu ya watu walishika barabara ya Gatumba kwenda Uvira.

Shule ilipofunguliwa, madawati ya nyuma darasani kwetu yalikuwa matupu. Mwalimu aliita majina kama siku zote. Akifika kwa asiyekuwepo, anangoja kidogo, anaita linalofuata, macho yako kwenye daftari. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwa hiyo hilo la "kila mtu alibaki na jirani yake" liwekee mipaka.

#4 Mwisho_wa_Reli
Mkuu #3, hilo la Machi 95 nimelipokea, asante. Lakini swali langu liko pale pale. Katikati ya mwaka huo huo jeshi liliizunguka Kamenge ikabaki magofu na nyasi. Buyenzi ilipigwa, lakini haikuwa ya kabila moja. Watu walikimbia, wengine wakarudi, na waliobaki walibaki mchanganyiko. Ndicho ninachouliza.

#5 Kibaraghashia
Asalaam alaykum. Mleta mada uko sahihi. Safu ya swala haina Mhutu wala Mtutsi, bega kwa bega. Mashehe wa Buyenzi walikemea waziwazi. Na si Bujumbura peke yake, nendeni Kigali mkaulize habari za Nyamirambo na Biryogo 1994, watu walifichwa majumbani kwa Waislamu na hata misikitini. Majirani zetu wa Rwanda wanalijua hili.

#6 Mwanazuoni_Koko
Waalaykum salaam Kibaraghashia. Waliofichwa Biryogo ni kweli na heshima yao wapewe. Ila Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti lililomwaga sumu Rwanda nzima, alikuwa Mwislamu wa Gisenyi. Mahakama ya Arusha ikamtia hatiani 2003. Dini inaweza kuwa sababu mojawapo, isiwe dawa ya kila kitu.

#7 Kibaraghashia
Mtu mmoja hawi msikiti mzima.

#8 Fundi_Dizeli
Mimi wa Buyenzi halisi, baba yangu alikuwa fundi gari. Nawaambia kitu hamtakipata vitabuni.

Bujumbura nzima gari likifa linaletwa Buyenzi. Injini, gia boksi, kunyoosha bodi, kupiga rangi, vipuri vya kuchomoa, vyote viko kule. Sasa mkubwa wa jeshi anayeishi upande wa juu gari lake linatengenezwa wapi? Kwa baba. Na yule mheshimiwa wa FRODEBU, chama cha Ndadaye, aliyehamia Kinama, pikipiki yake inatengenezwa wapi? Kwa baba.

Nakumbuka siku moja wote wawili vyombo vyao viko uani, turubai moja. Dereva wa mkubwa akaja kabla ya saa. Baba hakusema neno, akanitazama tu, nikaisukuma ile pikipiki kwa mlango wa nyuma hadi avenyu inayofuata, kwa mama anayekaanga ndagala. Nikaiegemeza ukutani pale, nikakaa juu yake kama yangu, miguu haifiki chini. Mama yule akanifunikia taa ya mbele kwa kanga.

Kwa hiyo mimi nasema Buyenzi ilibaki kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na kitu chao kinangoja kutengenezwa.

#9 Mlala_Hoi
Kumbe Nyerere alihangaika bure na mazungumzo ya Arusha. Angegawa spana tu.

#10 MamaNasra
Fundi umenichekesha, halafu umenirudisha mbali. Mimi niko Canada siku hizi, lakini utoto wangu ni Buyenzi hiyo hiyo.

Nisikilizeni wanaume mnaojadili dini na gari. Sababu kubwa ni ndoa. Kwetu baba Mmanyema wa Ujiji, mama Mrundi, mama mdogo kaolewa Nyakabiga, mjomba yuko Kinama. Sasa wewe niambie mimi ni nani? Vijana wa vizuizini walikuwa hawakuulizi kabila. Walikuuliza, "Unatoka karitye gani?" Ukitaja mtaa umeshajitaja. Ukisema Buyenzi wanabaki wanakukodolea, maana Buyenzi haiwaambii kitu. Wanaanza kutazama pua na urefu.

Siku za ville morte, jiji limefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, duka halifunguliwi, anayekwenda kazini anapigwa, watu wazima walijifungia. Tuliotumwa ni sisi watoto. Nilipeleka unga Nyakabiga kwa mama mdogo nimejifunga mtandio, kikapu mkononi, mwendo wa madrasa. Wakiniona hivyo waliniacha.

Palikuwa na msichana wa jirani, Mhutu Mkatoliki, wazazi wake walishatangulia Uvira yeye kaachwa na bibi. Siku ya kuondoka mama alimvika kanzu ya dada yangu na mtandio hadi kwenye nyusi. Hakujua Kiswahili vizuri, alikuwa ametoka mlimani karibuni. Usiku kucha tukamfundisha kujibu salamu na kusema anakwenda kwa shangazi. Alifika. Mpaka leo tunapigiana simu Idi na Krismasi.

Hapo Uislamu ulisaidia, lakini kama vazi.

#11 Kibaraghashia
Dada yangu MamaNasra, na mama yako alimvika kwa sababu gani? Si kwa imani yake?

#12 MamaNasra
Kaka, mama alimvika kwa sababu yule bibi alikuwa akimkopesha maharage.

#13 Mlala_Hoi
😂😂 Andikeni: dini, spana, ndoa, maharage.

#14 Sikio_la_Kufa
Samahani wakuu, mie mgeni wa habari hizi. Hii ilikuwa vita ya dini au ya kabila? Na walikuwa hawaelewani lugha?

#15 Mwanazuoni_Koko
#14, wote lugha moja, Kirundi, kutoka Kirundo hadi Nyanza-Lac. Wengi wao kanisa moja pia, Katoliki. Ndiyo maana siwaamini wanaosema lugha moja huleta umoja. Wanaambiwa hivyo Watanzania na sisi tunavimba kichwa, lakini Burundi walikuwa na lugha moja karne na karne.

Turudi Buyenzi. Mimi naona jibu liko kwenye ukoloni. Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, ilianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani. Waliokusanyika pale ni askari, wapagazi, wafanyabiashara wa njia ya Ujiji, Wamanyema, watu wa Rumonge, watu wa ng'ambo ya ziwa. Wabelgiji wakawatengea mitaa yao, wakawaandika kama watu wa mjini wasio chini ya chifu yeyote. Mhutu na Mtutsi ni hesabu ya milimani: ardhi, ng'ombe, ufalme, halafu jeshi na serikali. Mswahili hakuwa kwenye hesabu hiyo. Hakuwa na jeshi, hakuwa na wizara. Nani atahangaika kumfukuza?

Na Rwagasore alilielewa hilo mapema. Mwana wa mfalme, lakini ushirika wake wa wafanyabiashara na UPRONA ya mwanzo viliegemea sana Waswahili wa Buyenzi, na alikuwa karibu na TANU. Septemba 1961 chama kikazoa viti 58 kati ya 64, mwezi uliofuata akauawa.

#16 Mtu_wa_Ulyankulu
Mwanazuoni hapo umeteleza. Mswahili hakuwa nje ya hesabu siku zote. Wazazi wangu walitoka Rumonge 1972. Uasi wa tarehe 29 Aprili mwaka ule ulianzia huko huko kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na Waswahili walikuwemo. Jeshi lilipojibu halikumuuliza mtu kama ni wa mlimani au wa mjini. Baba alikuwa muuza chumvi, anavaa kofia kama Kibaraghashia, na alivuka ziwa usiku na mtumbwi unaovuja. Tukaishia Ulyankulu, Tabora. 2014 ndipo tukapewa uraia, tulikuwa zaidi ya watu 160,000 kwa pamoja.

Kwa hiyo mimi naona tofauti: Waswahili walishachomeka 1972. Ilipofika 1993 wazee walishajua ukipokea bunduki ya upande mmoja kitakachofuata.

#17 Bin_Rumonge
Nakubali na #16 nusu. Kumbukumbu ya 72 ilikuwepo, lakini wazee hawakuwa wakiizungumza mbele ya watoto. Kwetu ilikatazwa kabisa. Sasa vijana wa 93 walijifunza wapi kukataa bunduki? Na wapo waliopokea, tusidanganyane. Buyenzi ilikuwa na vijana wake wa usiku.

#18 Mtu_wa_Ulyankulu
Walikuwepo. Sijasema malaika.

#19 Baridi_Kali
Nawasoma kutoka Belfast, mume wangu wa huku. Mnanifanya nicheke kwa uchungu, maana mama mkwe ana stori hizo hizo. Alikulia Falls, upande wa Wakatoliki, na Shankill ya Waprotestanti iko barabara ya pili. Huku nako hawakuulizi dini. Wanakuuliza ulisoma shule gani, au wanasikiliza jina lako. Shule bado ni za upande upande, watoto wanaosoma kwenye shule za mchanganyiko hawafiki asilimia 10.

Tofauti ni kwamba huku walijenga ukuta kabisa. Wa kwanza 1969, kwa muda tu walisema. Upo. Mageti yanafungwa jioni mpaka leo, na majirani wengine ukiwauliza kama ubomolewe wanasema bado. Bujumbura palikuwa na ukuta?

#20 Mtoto_wa_Bwiza
Shemeji Baridi_Kali karibu. Ukuta wetu ulikuwa Ntahangwa. Korongo lile lina kina, na sisi tuliokuwa tukisoma ng'ambo, kwenye daraja ndipo roho inapotoka. Upande wa pili ni Ngagara. Sare zetu wote kaki, kwa hiyo kwa mbali hatutofautiani, wanakungoja ufike karibu.

Waliosimama pale hawakuwa watu wazima. Sans Échec, lile kundi la Watutsi wenye silaha, wengi walikuwa vijana wa sekondari na chuo, wengine nilicheza nao mpira kabla. Gerenadi inaning'inia kiunoni kama funguo. Mmoja alinijua. Aliniacha nipite, lakini alinishika begi akachukua rula yangu ya chuma. Wiki nyingine akanirudishia imenolewa upande mmoja. Sikuuliza. Niliitupa korongoni.

Na Kamenge walikuwa na vijana wao, Mtutsi hapiti. Nisije nikaonekana napanga wema upande mmoja.

#21 Uvira_Moja
Miye ni mtu wa Uvira. Machi 95 nilikuwa mtoto, nikaona watu wanafika na vitanda kwenye baiskeli, mbuzi, cherehani. Kwetu nyumbani tulipokea familia moja ya Bwiza, tukalala watoto tisa chumba kimoja. Walikuwa wakituambia tutarudi wiki kesho. Oktoba 1996 vita vikafika Uvira, nasi sote tukakimbia. Wao wakarudishwa kule kule walikotoroka. Sijawaona tena. Kama yupo hapa aliyelala kwa mwalimu karibu na soko la Mulongwe, aniandikie pembeni.

#22 Ramani_na_Dira
Nimesoma kurasa zote. Mnatafuta sababu mioyoni mwa watu, mimi nazitafuta ardhini.

Kamenge na Kinama ziko pembezoni, nyuma yake milima. Mpiganaji anashuka usiku, analala, anapanda alfajiri. Kanyosha hivyo hivyo kusini. Buyenzi ni tambarare, avenyu zimenyooka zina namba, ukisimama mwanzo unaona mwisho. Imebanwa na katikati ya jiji upande mmoja na mto upande mwingine. Haifai kuwa ngome ya waasi, na haina nyumba nzuri za kunyang'anya. Jeshi halikuwa na haja ya kuimaliza, waasi hawakuwa na njia ya kuishika. Ndiyo hivyo tu.

#23 Kibaraghashia
Kwa hiyo watu hawakufanya lolote jema, ni tambarare ndiyo iliyofanya?

#24 Ramani_na_Dira
Wema ulikuwepo hata Kamenge, na Kamenge ikaisha.

#25 Fundi_Dizeli
Hapo sina la kujibu. Ila ramani haikunifundisha kuficha pikipiki.

#26 Mchele_na_Ndagala
Mimi wa Cibitoke, sijaona mtu akiitaja. Sisi tulikuwa katikati ya Ngagara na Kamenge, kwa hiyo tulipigwa kutoka pande zote. Watutsi walifukuzwa kwetu, wakahamia Ngagara, na waliobaki wakawa hawavuki barabara. Sisi watoto tulijua milio: hii Kalashi, hii bunduki kubwa ya jeshi, hii gerenadi ya mtu anayejaribu tu.

Kitu ninachokumbuka kwa raha ni Centre Jeunes Kamenge, kile kituo cha vijana cha wamisionari pale mpakani mwa mitaa ya kaskazini. Kilianza kabla ya vita. Kilitaabika sana miaka hiyo lakini kilirudi. Tulipangwa timu bila kujali mtaa. Mechi ya kwanza hakuna aliyempa mwenzake pasi, kila mtu anapiga golini kutoka katikati. Mechi ikaisha sare ya bila, mlinda mlango analala usingizi. 2002 wakapewa tuzo kubwa kule Sweden. Kwa hiyo hata penye moto walichanganyika watu, na hakukuwa na Waswahili wengi pale wala msikiti.

#27 Mlala_Hoi
Mpira mmeutaja sasa nimeamka. Vital'O wa 1992 hamuwasemi? Fainali ya Kombe la Washindi Afrika! Africa Sports wa Abidjan ndio waliotuharibia.

#28 Bin_Rumonge
"Waliotuharibia"? Wewe mtu wa Tandika imekuhusu nini 😂

#29 Mlala_Hoi
Nyanya yangu Mha wa Kasulu. Mpaka mliuweka nyinyi.

#30 MamaNasra
Vital'O ilikuwa dawa kweli. Baba alikuwa na redio ya mbao, siku ya mechi wanakuja hata wasiosalimiana. Mechi ikiisha kila mtu anatoka kwa zamu, hawataki kuonekana walikuwa pamoja.

#31 Sikio_la_Kufa
Na siku hizi ikoje? 2015 niliona maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Musaga, Nyakabiga, Cibitoke.

#32 Mtoto_wa_Bwiza
Kwa ufupi: 2015 waliosimama barabarani Cibitoke na Nyakabiga walikuwa mchanganyiko, kitu ambacho sisi wa 95 hatukutegemea kukiona. Mgawanyiko ulikuwa wa kisiasa zaidi. Wengine serikalini walijaribu kuurudisha ule wa zamani, na waliokufa walikufa. Yanataka uzi wake hayo.

#33 Msimamizi_Zamu
Na uufungue jukwaa la siasa tafadhali. Hapa tubaki 93–96.

#34 Mwisho_wa_Reli
Sawa mkuu. Ramani_na_Dira, hoja yako nimeilala nayo usiku mzima, naona ina tundu. Bwiza ni tambarare ile ile, barabara zilizonyooka zile zile, katikati ya jiji hapo hapo. Mbona Bwiza haitajwi kwa sifa kama Buyenzi? Pana tofauti gani kama si misikiti?

#35 Ramani_na_Dira
Bwiza ina baa nyingi.

#36 Kibaraghashia
ALHAMDULILLAH. Nilisema tangu #5.

#37 Mtoto_wa_Bwiza
Tulieni kwanza. Baa za Bwiza zilikuwa za mwisho kugawanyika. Katikati ya vita, kabla ya saa ya kafyu, meza moja utamkuta koplo Mtutsi, karani Mhutu na Mkongo mpiga gitaa, brosheti moja wanagombania. Mwenye baa anakopesha wote kwenye daftari moja. Acheni kuzisingizia.

#38 Fundi_Dizeli
Hilo ni kweli, na baba alikuwa anakwenda huko kwa siri. Kibaraghashia usimwambie mtu.